Dola 80 mkononi: simu mpya ya bei ndogo ao okazi?

Kijana wa Kadutu: Wakubwa, mdogo wenu niko na dola 80. Nataka simu ya WhatsApp na ya kutuma pesa, lakini sitaki Google ajue kila fasi ninapopita. Mpya ya dukani ao okazi, ile mtu ameisha kuitumia?

Fundi wa Nyawera: Okazi nzuri, mdogo wangu. Kumbuka Tecno W2, ile habari ya 2020: simu ziliuzwa na virusi tayari ndani, vinamwandikisha mtu huduma za kulipia bila yeye kujua, unite za simu zinaisha. Kampuni ikasema ni mtu wa katikati aliyeviingiza. Tafuta Pixel, simu ya Google, weka GrapheneOS, mfumo wa simu usio na programu za Google, Google anatoka.

Papa Junior: Kumkimbia Google unanunua simu ya Google? Na kwa dola 80 utaipata wapi Bukavu? Mimi okazi ilinila dola 60. Nikaifuta ianze upya, ikadai akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Iko kabatini mpaka leo. Halafu tuseme ukweli, hizi siri ni mambo ya Wazungu. Mama anayeuza ndizi sokoni ana siri gani?

Mama Furaha: Papa Junior, huyo mama wa ndizi ni mimi. Ndani ya simu yangu kuna likelemba, mchango wa zamu, ya wamama 12: nani ametoa, nani bado, zamu ya Jumamosi ni ya nani. Kuna namba za wateja wenye deni langu. Juzi mtoto aliniwekea programu ya tochi, ikaomba majina yangu yote na maikro. Tochi inataka kusikia nini? Nikakataa yote mawili. Taa ikawaka vilevile.

Papa Junior: Sijakutukana, mama. Nasema tu, hakuna mtu kule Marekani anayetafuta likelemba yako.

Mama Furaha: Hukunitukana. Ulinitoa kwenye hesabu ya watu.

Mwanafunzi wa Bagira: Mama ana haki. Mwaka 2022 Google alikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani zaidi ya dola milioni 391, kwa sababu alifuata fasi watu wanapopita hata walipodhani wameizima hiyo. Wamarekani wenyewe wamedai siri zao. Na sisi tuna sheria ya numerike, ya mambo ya mtandao, tangu 2023, nani ameisoma?

Yaya wa Kalehe: Mnalilia Google, na bati yetu, madini yanayoingia ndani ya simu, je? Fairphone, kampuni ya simu ya Uholanzi, walitumia bati ya mgodi wa Kalimbi, Nyabibwe. Fairphone 5 ilitoka 2023 kwa euro 699, ikauzwa Ulaya. Mchimbaji ataiona kwa picha.

Fundi wa Nyawera: Yaya, koltani, yale madini mengine ya simu, ni ya Rubaya, si Nyabibwe.

Yaya wa Kalehe: Nimeandika bati. Soma kwanza! Kaka zangu wameingia mashimo yale, usinifundishe.

Kijana wa Kadutu: Na dola zangu 80?

Mama Furaha: Mwanangu, kama ni okazi, muuzaji aifute mbele yako, aiwashe mpaka mwisho, ndipo utoe pesa. Kama ni mpya, pitia programu moja moja kabla hujaingiza namba za watu.

Papa Junior: Mama, hata mimi watoto waliniwekea tochi. Unakatalia wapi?

Mama Furaha: Ingia paramete, yaani mipangilio ya simu, kwenye programu, bonyeza jina la tochi, halafu ruhusa. Anza na maikro.