Hilux 3L inagoma kuwaka ikiwa ya moto: hita, stata, au pampu? Na pampu, kukarabati au mtumba?

NdiziKiwira (Uyole)
Wakuu habari zenu. Nina Hilux pikapu ya zamani, injini 3L, dizeli ya pampu ya kawaida isiyo na kompyuta. Asubuhi haina shida. Hata baridi ile ya Juni na Julai hapa Uyole, nikisubiri taa ya hita izime, nikigusa ufunguo imewaka. Balaa ni ikishapata moto. Natoka Kyela na mchele, napanda Tukuyu, nikizima Kiwira nipakie ndizi, basi. Stata inazunguka weee, haishiki. Vijana wanasukuma, inawaka. Au nikae mpaka ipoe, inawaka yenyewe kama vile haikuwa na tatizo. Na ikiwaka ina nguvu zake zote, mlima wa Isyonje inapanda na mzigo bila kulalamika.

Mafundi watatu, majibu matatu. Mmoja kasema hita zote nne. Mwingine stata. Wa tatu kasema pampu imekwisha, nichague kukarabati au kutafuta ya mtumba. Hita na pampu bei zake ni mbingu na ardhi, ndiyo maana nauliza kabla sijatoa hela.

SpanaMkononi (Ipogolo, Iringa)
Kamwene mkuu. Hita ziondoe kwenye orodha leo hii. Kazi ya hita ni kupasha chumba cha kuchomea wakati injini ni ya baridi. Injini iliyotoka kupanda kutoka Kyela ina joto la kutosha kuwasha dizeli bila hita. Hita zikifa, ungeteseka asubuhi Uyole, siyo mchana Kiwira. Wewe hali yako ni kinyume chake kabisa.

Swali moja: ikigoma, ukipiga stata unaona moshi gani kwenye ekzosi?

NdiziKiwira
Karibu hakuna. Kidogo sana, mweupe, halafu unapotea.

SpanaMkononi
Hiyo ni habari kubwa kuliko majibu yote matatu uliyopewa. Moshi mweupe mwingi maana yake dizeli inaingia ila haiungui, hapo tungezungumza kompresheni, yaani mbano wa hewa kwenye silinda. Bila moshi, dizeli haifiki kwenye silinda, au inafika chache mno.

MwanaMbalizi
Mimi nasema stata. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, ikipata moto inazunguka kivivu. Na wewe mwenyewe umesema wakisukuma inawaka. Kama ingekuwa pampu, kusukuma kungesaidia nini?

SpanaMkononi
Kaka, hapo ndipo wengi wanauziwa stata wasiyoihitaji. Kusukuma hakutofautishi stata na pampu. Nieleze.

Ndani ya pampu ya aina hiyo kuna planja inayozunguka na kusukuma dizeli ndani ya hedi ya pampu. Nafasi kati ya hivyo viwili ni ndogo kuliko unywele, na dizeli yenyewe ndiyo inaziba na kulainisha. Planja ikilika, nafasi inaongezeka. Dizeli ya baridi ni nzito, bado inaziba. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya pembeni badala ya kwenda kwenye nozeli. Sasa kumbuka pampu inazunguka nusu ya mwendo wa injini. Stata inazungusha injini labda mara 200 kwa dakika, pampu inapata 100 tu. Kwa mwendo huo wa pole, dizeli ina muda wote wa kuvuja. Ukisukuma gari kwenye mteremko ukaachia klachi kwenye gia ya pili, injini inazunguka haraka, muda wa kuvuja unapungua, presha inapanda, inawaka. Ndiyo maana pia barabarani una nguvu zote. Kwa hiyo stata chovu na pampu iliyolika zote zinapona kwa kusukumwa.

Stata unaipima kwa sikio na mita. Sikiliza mzunguko asubuhi, halafu sikiliza Kiwira. Ukiwa ule ule, stata haina kesi. Ukiwa wa kivivu, weka mita kwenye betri wakati unapiga: ikishuka chini ya volti 10, anza na betri. Betri ikibaki juu na stata bado inajikokota, angalia waya wa ethi kati ya injini na chesisi, na terminali. Mara nyingi ni kutu tu. Baada ya hapo ndiyo uifungue stata uangalie kaboni na bushi.

MzeeMakambako
Ongeza na solenoidi ya kuzima, ile iliyofungwa juu ya pampu yenye waya mmoja. Ikipata joto huweza kugoma kufungua. Gari ikiwa imegoma, washa ufunguo bila kupiga stata, chomoa waya na uurudishe. Lazima usikie "tak". Usiposikia, pima kama umeme wa volti 12 unafika kwenye waya. Ni kitu cha bei ndogo na watu hukiruka wakaenda moja kwa moja kwenye pampu.

Halafu dizeli yenyewe. Wapo wanaonunua kwenye madumu barabarani kwa sababu ni rahisi. Mafuta ya taa yakichanganywa humo, dizeli inakuwa nyepesi hata ikiwa ya baridi, na hailainishi pampu. EWURA walianza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo, lakini dumu halina kinasaba cha kukulinda wewe.

DadaMbao (Mafinga)
Nimefuata huu uzi maana yangu pia inagoma ikiwa ya moto, ila ni D4D, 1KD, dizeli ya kompyuta. Nami nimwagie pampu maji kama nilivyosikia watu wakisema?

SpanaMkononi
Dada, subiri. Yako ni mnyama mwingine. Kwenye D4D kompyuta haitoi amri ya kunyunyiza mpaka presha ndani ya reli (bomba la pamoja linalolisha injekta zote) ifike kiwango ilichopangiwa. Ikiwa injekta zinavujisha kwenye riteni (njia ya dizeli kurudi tenkini), au vali ya kudhibiti mafuta kwenye pampu imechoka, presha haifiki ukiwa kwenye stata. Kwako unaanza na mashine ya kupimia: soma presha ya reli wakati unapiga stata, na soma pia mzunguko wa injini. Mzunguko ukisoma sifuri huku injini inazunguka, sensa ya kranki inakufa kwa joto, na hiyo ni nafuu. Presha ikiwa chini, fundi afunge mipira ya riteni kwenye chupa nne aone injekta ipi inajaza haraka kuliko wenzake.

Na tafadhali, usikubali mtu afungue nati ya bomba la injekta kwenye D4D ili "aone kama mafuta yanafika". Kwa 3L ni sawa. Kwa reli, presha hiyo inatoboa ngozi ya mkono.

DadaMbao
Asante, nitatafuta mwenye mashine.

SpanaMkononi
NdiziKiwira, kwako sasa. Safari ijayo ikigoma, zima kabisa, loweka kitambaa kwenye maji, kizungushe kwenye pampu, siyo kwenye injini wala ekzosi. Usimwage ndoo, chuma cha moto hakipendi mshtuko wa maji. Kiloweke tena na tena kama dakika kumi, kisha piga stata. Ikiwaka wakati injini yenyewe bado ni ya moto, jibu unalo.

NdiziKiwira
Wakuu, mrejesho. Leo imegoma Kiwira kama kawaida. Solenoidi inalia tak, umeme upo. Stata inazunguka sawa na asubuhi. Nikaweka kitambaa, geji ya joto bado katikati, nikapiga. Ikashika. Watu wa ndizi wakadhani nimefanya ushirikina.

Kwa hiyo ni pampu. Sasa kati ya kukarabati na mtumba, mngechagua ipi?

MwanaMbalizi
Nimenyoosha mikono kuhusu stata. Mtumba ni rahisi na unaondoka siku hiyo hiyo.

SpanaMkononi
Mtumba wa pampu ni kununua gunia la viazi lililoshonwa. Juu unaona kizuri. Muuzaji hawezi kukuonyesha planja, na kuifunga kwenye gari asubuhi hakuthibitishi chochote, maana hata yako mbovu inawaka asubuhi. Ukiamua hivyo, nunua kwa anayekubali irudi baada ya wewe kuipandisha mlima.

Mimi ningekarabati, kwa sharti moja: fundi awe na benchi la kupimia pampu, siyo meza na spana. Kubadilisha oringi peke yake kutazuia kuvuja kwa nje, hakutarudisha presha. Mwambie wazi unataka hedi na planja mpya, na urudishiwe zile za zamani mkononi. Baadhi wanaongeza tu kipimo cha dizeli ili iwake ikiwa ya moto. Utaondoka umefurahi, utarudi na moshi mweusi na tenki tupu.

MzeeMakambako
Naunga mkono. Badili filta ya dizeli siku hiyo hiyo na safisha tenki. Uchafu uliokula pampu ya kwanza bado umo humo.

NdiziKiwira
Ndaga fijo wakuu. Naenda kukarabati. Naweza kuifungua mwenyewe nimpelekee fundi?

SpanaMkononi
Unaweza, ila kabla hujalegeza nati hata moja, piga alama ya patasi inayovuka kutoka kwenye pampu hadi kwenye bamba la injini ilipofungwa. Rangi hufutika kwenye mafuta. Bila alama hiyo taimingi, yaani wakati wa pampu kunyunyiza, itapotea, na itakuwa ngumu kuwaka hata asubuhi. Mabomba manne nayo yafunge karatasi yenye namba, na kila tundu lizibe kwa nailoni safi.