Mchoro wa mtandao wa hospitali: mistari inapishana mpaka hausomeki, nipange vipi?

fundi_ziwa: Wakuu, habari za kazi. Nimepewa kazi ya kuchora upya mtandao wa hospitali moja huku Kanda ya Ziwa. Kuna swichi (vifaa vya kuunganisha kompyuta kwenye mtandao) kuu 2 na swichi za majengo 14 (wodi, maabara, famasia, mapokezi). Kila jengo lina faiba (kebo za mwanga) mbili, moja kwa kila swichi kuu, ili moja ikikatika kazi isisimame. Mchoro uliopo umeweka swichi kuu zote mbili juu, za majengo chini kwa safu. Fundi wa zamu ya usiku hawezi kufuata faiba ya maabara mpaka mwisho. Nichapishe kwenye A3, au nibadilishe programu?

mama_swichi: Pole na kazi, mdogo wangu. A3 itakupa vurugu ileile, ila kubwa zaidi. Kwa mpangilio huo, kila jozi ya swichi za majengo inaleta mkatano mmoja wa mistari. Katika swichi 14 jozi ziko 91, kwa hiyo mistari inakatana mara 91, hata ukizipanga upya vipi hizo za chini.

Hamisha swichi kuu moja iende chini kabisa. Zile 14 zibaki katikati. Faiba za swichi ya juu (KUU A) zinashuka, za swichi ya chini (KUU B) zinapanda, na hakuna mkatano hata mmoja. Waya wa kati ya A na B uzungushe nje kushoto. Faiawali (kifaa cha kuzuia wavamizi wa mtandao) iweke mwisho wa safu, kulia. Nalisisitiza suala la mikatano kwa sababu mtafiti Helen Purchase alilipima mwaka 1997: kati ya kanuni alizozilinganisha, kupunguza mikatano ndiko kulikowasaidia wasomaji zaidi.

kebo_pwani: Dada, naheshimu, lakini wakaguzi wamezoea swichi kuu kukaa juu. Wakiona B iko chini watadhani ni ya daraja la chini.

mama_swichi: Hoja ya kweli kabisa, kaka. Basi A na B zipewe umbo, ukubwa na rangi moja, na majina yaandikwe kwa herufi nene. Swichi kuu zingekuwa 3 mbinu hii ingegoma: kuu tatu zikiunganishwa zote na za majengo tatu, mkatano haukwepeki kwenye karatasi. Hapo ningekata mstari na kuandika "kwenda KUU C".

fundi_ziwa: Nimejaribu, unasomeka! Na VLAN (mitandao midogo iliyotengwa ndani ya swichi zilezile) je? Nizipake rangi humohumo?

mama_swichi: Hapana, karatasi nyingine. VLAN na anwani za IP zinajibu swali tofauti na la faiba. Tena printa nyingi za ofisini hazina rangi, kwa hiyo faiba ya akiba ichore kwa mstari wa vidoti.

kebo_pwani: Ongeza na ya tatu, juu ya ramani ya kiwanja. Mchoraji Harry Beck hakufuata umbali halisi kwenye ramani ya treni za London ya 1933 na ikasomeka vizuri, lakini abiria hachimbi. Fundi wako akitafuta faiba iliyokatwa na jembe, anahitaji kujua mtaro unapita nyuma ya maabara au mbele.