Darasa la nne, kipande cha mita 20 kwa 15: tupande matunda gani?

mwl_wa_nne
Habari zenu wakuu. Niko shule ya msingi Dodoma, wanafunzi 52. Tumepewa kipande cha mita 20 kwa 15 nyuma ya madarasa, udongo mwekundu wenye kichanga. Bomba lipo, ila maji yanatoka siku tatu kwa wiki. Nataka bustani ya matunda ya kufundishia hesabu na sayansi. Baadhi ya wazazi wameshaanza kusema watoto watageuzwa vibarua, kwa hiyo sitaki iwe kilimo tu. Nilifikiria miembe na miparachichi. Nianzie wapi?

kitaluni
Mwalimu, mwembe wa kubebesha (uliounganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine) unataka miaka 3 hadi 4 ndipo uzae vizuri, watoto hao watakuwa wanamaliza shule ya msingi. Mparachichi kwa maji hayo usijaribu. Panda mipapai.

Kwa nafasi ya mita 2.5 eneo lako linaingia mashimo 48, lakini kinachoamua hapo ni maji. Weka mashimo 20. Lita 5 kwa kila shimo ni lita 100, yaani ndoo 5 kubwa kila siku ya bomba. Hizo watoto wanazimudu kwa zamu.

Mbegu zioteshwe wiki ya kwanza ya Novemba, miche ipandwe shule zikifunguliwa Januari, mvua ikiwa imeshakolea. Viriba (vifuko vya kuoteshea miche) 80: debe tatu za udongo wa juu, moja samadi iliyooza, moja mchanga. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Mbegu mbili kila kiriba, kina cha sentimita 1, baadaye unabakiza mche mmoja wenye nguvu.

Mama Mbegu
Naongezea kwenye mbegu, maana ndipo wengi wanapokwama. Mbegu ya papai ina kifuko cha utelezi kinachozuia kuota. Isugue kwenye chujio pamoja na mchanga hadi utelezi utoke, osha, anika kivulini siku mbili. Hapo una somo zima la sayansi: kopo moja mbegu 20 zilizosuguliwa, kopo jingine 20 zenye utelezi wake, udongo uleule, maji yaleyale. Zilizosuguliwa huanza kuchomoza kati ya wiki ya pili na ya tatu. Watoto wahesabu kila asubuhi na kuandika, mwisho watafute asilimia.

Halafu chagua papai refu, si la duara. Papai refu hutoka kwenye mti wenye maua ya jinsia zote mbili, na ukiwa umejichavusha wenyewe, mbegu zake hazitoi madume. Za papai la duara lililochavushwa na dume, karibu nusu zitakuwa madume.

jembe_la_jioni
Katikati ya mistari apande matikiti, siku 80 au 90 watoto wanakula.

kitaluni
@jembe_la_jioni hapana ndugu yangu. Matikiti, maboga na matango hukaribisha vidukari, na vidukari ndio wanaobeba virusi vya madoa ya pete kwenye mipapai. Mti ukishaugua hauna dawa, unang'olewa. Aweke kunde au mchicha, sentimita 60 kutoka kwenye shina.

mwl_wa_nne
Asanteni sana. Mashimo yawe na ukubwa gani? Na likizo ya Desemba nani atamwagilia?

fundi_bustani
Shimo sentimita 60 kila upande. Kuchimba ni kazi ya watu wazima: waite wazazi Jumamosi moja, wale wanaolalamika wawe wa kwanza. Watoto wapime na wakokotoe: 60 × 60 × 60 ni lita 216, karibu ndoo 11 za lita 20. Kisha wahesabu udongo uliotoka unajaza ndoo ngapi. Zitazidi 11, na swali la kwa nini litawachukua kipindi kizima, maana udongo uliochimbwa huvimba kwa hewa.

Rudisha udongo wa juu uliochanganywa na ndoo moja ya samadi. Miche mitatu kila shimo, ikiachana sentimita 30. Chana kiriba kwa wembe (hiyo fanya wewe mwalimu), usivunje donge, wala usifukie shina kuliko lilivyokuwa kwenye kiriba. Shina likae juu kidogo, kisahani cha udongo cha kushika maji kilizunguke kwa mbali. Maji yakituama shinani mpapai huoza mizizi ndani ya siku chache. Nyasi za kutandaza ziwe sentimita 20 kutoka shinani, mchwa wa huko si wa kuchezea.

Mei hadi Julai maua yatatokea. Dume lina vishada virefu vinavyoning'inia, jike lina ua moja nene lililokaa karibu na shina. Watoto wakishatambua, bakiza mti mmoja usio dume kila shimo. Matunda kuiva ni mwisho wa mwaka au Januari inayofuata, waambie mapema wasikate tamaa.

Likizo: viriba vikae chini ya mti karibu na kibanda cha mlinzi, mkubaliane naye ujira. Amwagilie asubuhi, mara moja tu. Akizidisha maji, kinyaushi (ugonjwa wa ukungu) kitakata miche shingoni.

Mama Mbegu
Vikundi 10 vya watoto watano au sita, kila kikundi mashimo mawili yenye namba. Daftari: tarehe, urefu, idadi ya majani, maji, kilichoonekana. Pigilia kigingi chenye alama ya rangi kando ya kila mche, vipimo vianzie kwenye alama hiyo. Wakipimia kwenye udongo, mvua ikileta tope mti "utafupika" na grafu yote itaharibika. Na utomvu wa papai bichi unawasha, wasiguse macho kabla ya kunawa.

Jambo moja tu mwalimu, usimpeleke mtoto bustanini kama adhabu. Hapo wazazi watakuwa na haki ya kulalamika.

mwl_wa_nne
Kigingi sikukifikiria kabisa. Kesho natafuta papai refu sokoni.