Picha zilizoskaniwa zinaingia kwenye kanzidata ya shauri, lakini nyaraka zinavunjika ukurasa mmoja mmoja

Masijala_Dar

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wale waliowahi kuandaa nyaraka kwa ajili ya mashauri yanayosikilizwa nje ya nchi. Ofisi yetu ya mawakili hapa Dar es Salaam inamsaidia mteja, kampuni ya usafirishaji, ambayo ni mdaiwa katika shauri lililofunguliwa kwenye mahakama ya shirikisho nchini Marekani. Mawakili wake walioko Houston wametuomba tuskani nyaraka zake zote za karatasi, yaani mikataba, barua, ankara, hati za kupokelea mizigo na daftari za madereva, kisha tuwatumie vitu vinne: picha za TIFF za ukurasa mmoja mmoja, faili la DAT lenye maelezo ya kila waraka, faili la OPT lenye orodha ya picha, na maandishi yaliyosomwa na mashine kutoka kwenye picha hizo.

Tulituma fungu la majaribio, nao wamejibu kwamba kila ukurasa umesimama kama waraka unaojitegemea, kiasi kwamba mkataba wa kurasa 14 unaonekana kuwa nyaraka 14. Tena kila safu ya maelezo inaanza na kuishia na alama Ã¾, na barua ya tarehe 3 Aprili 2016 inasomeka kuwa ya tarehe 4 Machi. Mwanzo wa faili la OPT, kama lilivyotolewa na programu ya skana, uko hivi:

TZK0000001,VOL001,D:\SKANI\001\TZK0000001.TIF,Y,,,1
TZK0000002,VOL001,D:\SKANI\001\TZK0000002.TIF,Y,,,1

Ningependa kuelewa chanzo cha kila tatizo kabla hatujafungua maboksi yaliyobaki, kwa sababu karatasi nyingi ni kuukuu na hazitavumilia kupitishwa kwenye skana mara mbili.

Fundi_Kanzidata

Ndugu Masijala, pole kwa kazi. Ninafanya kazi ya kupakia nyaraka katika ofisi ya mawakili huku Marekani, na kwa maelezo uliyotoa sioni sababu ya kuskani upya hata ukurasa mmoja. Picha zako ni nzima. Yaliyopotoka ni maelekezo yanayoieleza kanzidata ni picha zipi zinazounda waraka mmoja.

Mstari wa OPT una sehemu saba zinazotenganishwa kwa mkato: namba ya ukurasa, jina la fungu, njia ya kufikia picha, alama ya mwanzo wa waraka, alama ya mwanzo wa folda, alama ya mwanzo wa boksi, na idadi ya kurasa za waraka. Herufi Y katika sehemu ya nne ina maana kwamba waraka mpya unaanzia hapo. Skana yako imeiweka Y kila mstari, na kanzidata imetii kama ilivyoambiwa. Mkataba wa kurasa 14 unatakiwa uanze hivi:

TZK0000001,VOL001,IMAGES\001\TZK0000001.TIF,Y,,,14
TZK0000002,VOL001,IMAGES\001\TZK0000002.TIF,,,,

Mistari mingine ya mkataba huo iendelee bila Y mpaka ukurasa wa 14, na Y inayofuata ionekane kwenye TZK0000015. Angalia pia kwamba nimeondoa D:\SKANI, kwa kuwa diski hiyo ipo kwenye kompyuta yako tu. Njia ianzie kwenye folda mtakayowatumia. Jambo la kukagua kuliko yote ni kwamba namba ya ukurasa wa kwanza wa kila waraka katika OPT ifanane, herufi kwa herufi na sifuri kwa sifuri, na namba iliyoandikwa kwenye safu ya BEGDOC, yaani mwanzo wa waraka, katika DAT. Namba hiyo ndiyo pekee inayoiunganisha picha na maelezo yake.

Kuhusu alama za ajabu, faili la DAT la mtindo wa Concordance, programu ya kanzidata ya mashauri, hufunga kila taarifa kwa herufi þ, ambayo ni namba 254, na hutenganisha safu kwa herufi namba 20. Ziliteuliwa alama zisizotokea katika maandishi ya kawaida, ili mkato au alama ya kunukuu iliyomo ndani ya kichwa cha barua isiivunje safu. Katika mfumo wa zamani wa Windows wa kuhifadhi herufi, þ ni baiti moja; katika UTF-8, mfumo mpya zaidi, ni baiti mbili, C3 na BE, na programu inayotarajia mfumo wa zamani huzisoma kama herufi mbili, Ã na ¾. Kwa hiyo faili lenu limehifadhiwa kwa UTF-8 na wenzenu wamelisoma kwa mfumo wa zamani. Waombeni wachague UTF-8 wakati wa kupakia, nanyi mwandike hivyo kwenye barua inayosindikiza kila fungu.

Tarehe ni hatari zaidi, kwa kuwa hazionyeshi dalili yoyote ya kuharibika. Sisi tunatanguliza siku, Wamarekani wanatanguliza mwezi, na 03/04/2016 ni tarehe halali kwa pande zote mbili. Andikeni 2016-04-03 katika faili zima. Na tafadhali msilifungue faili la DAT kwa Excel kwa nia ya kurekebisha mstari mmoja, kwa sababu Excel inaweza kubadilisha tarehe na kufuta sifuri za mwanzo. Tumieni programu ya kawaida ya kuhariri maandishi matupu.

Mtunza_Kumbukumbu

Nawasalimu kutoka Nairobi. Maelezo ya Fundi ni sahihi, lakini naomba niongeze jambo ambalo hakuna programu itakayolitengeneza baadaye, nalo ni uamuzi wa mahali waraka unapoanzia na kuishia. Uamuzi huo ufanywe karatasi ikiwa bado mezani, na mtu anayesoma, kabla pini hazijatolewa. Mkishatoa pini na kuskani boksi zima kwa mfululizo, ushahidi wa nini kilikuwa kimeshikana na nini umepotea, na atakayekisia ni karani wa Houston asiyejua Kiswahili.

Njia inayofaa ni karatasi za kutenganisha zenye msimbopau: aina moja kwa boksi jipya, nyingine kwa folda, nyingine kwa waraka, na nyingine kwa kiambatisho. Programu nyingi za skana huzisoma na kuziweka alama za mgawanyo zenyewe, kisha huziondoa kwenye picha. Tuseme barua ni TZK0000015 hadi 0000016, ankara iliyobanwa nyuma yake ni 0000017, na hati ya kupokelea mzigo ni 0000018. Hizo ni nyaraka tatu za familia moja, na zote tatu ziandikiwe kwenye DAT BEGATTACH (mwanzo wa familia) TZK0000015 na ENDATTACH (mwisho wa familia) TZK0000018. Katika shauri la mizigo, kujua kwamba ankara ilifika pamoja na barua fulani kunaweza kuwa ndiyo hoja yenyewe ya nani alijua nini na lini. Mimi ningekubali picha hafifu kuliko familia iliyovunjika, maana picha hafifu bado inaweza kutafutiwa karatasi yake.

Usichanganye mpangilio wa maboksi kwa nia ya kuupendezesha. Kanuni ya 34 ya mwenendo wa mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho za Marekani inamtaka anayetoa nyaraka azitoe kama zinavyotunzwa katika shughuli zake za kawaida, au azipange na kuzitambulisha kulingana na makundi yaliyoombwa. Andikeni kwenye DAT kila waraka ulitoka boksi gani na folda gani.

Nukta 300 kwa inchi zinatosha, na TIFF ya Group IV, yaani iliyobanwa kwa njia ya mashine za faksi, ni sawa kwa maandishi meusi. Lakini Group IV ina nyeusi na nyeupe tu, hivyo mhuri wa bluu uliogongwa juu ya sahihi hugeuka doa, na nakala za kaboni za karatasi ya waridi hufifia. Kurasa za namna hiyo skanini kwa rangi na mzihifadhi kama JPEG, hizo tu, kwa sababu ukurasa wa A4 wa rangi kabla ya kubanwa ni takriban megabaiti 26, ilhali wa nyeusi na nyeupe ni kama megabaiti moja.

Masijala_Dar

Nawashukuru sana. Nimerekebisha OPT ya fungu la majaribio, na Houston wamethibitisha kwamba mkataba sasa ni waraka mmoja na alama zimetoweka. Yamebaki mawili. Hati nyingi za mizigo zina maelezo ya mkono kwa nyuma, na maandishi yaliyosomwa na mashine yanaharibu maneno ya Kiswahili. Aidha, tufanyeje tukigundua ukurasa uliorukwa wakati namba zimekwisha kutolewa?

Fundi_Kanzidata

Upande wa nyuma wenye maandishi ni ukurasa kamili; upewe namba yake na uhesabiwe. Kwa usomaji wa mashine, hakikisheni lugha iliyochaguliwa si Kiingereza peke yake. Programu ya usomaji iitwayo Tesseract, kwa mfano, ina data ya Kiswahili, na inaweza kuendeshwa kwa lugha zote mbili kwa pamoja. Mwandiko wa mkono msiutegemee kwa mashine. Mtu asome aandike mwandishi, mpokeaji, tarehe na maneno makuu kwenye safu za DAT, kwa maana waraka usiotafutika kwenye kanzidata utabaki humo bila kusomwa na mtu.

Ukurasa uliorukwa baada ya TZK0000123 upeni namba TZK0000123.001. Kamwe msisogeze namba za mbele, kwa sababu huenda mawakili wameshazinukuu mahakamani. Kisha tumeni faili dogo la marekebisho, mkieleza kwamba lipakiwe juu ya kumbukumbu zilizopo kwa kulinganisha BEGDOC. Likipakiwa kama nyongeza, mtakuwa na mkataba mmoja mara mbili.

Wakili_Mashauri

Naongeza machache ya kisheria. Kama ndani ya maboksi mna barua pepe zilizochapishwa na asili yake bado ipo kwenye seva, waambieni Houston mapema, kwa sababu upande wa pili unaweza kudai asili ya kielektroniki, ambayo ina taarifa ambazo picha haina. Daftari za madereva zina majina, namba za simu na pengine taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ya Tanzania ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Mteja apate ushauri kabla fungu halijaondoka. Na karatasi zenyewe zirudishwe kwenye maboksi yake kwa mpangilio uleule. Kanuni ya 1003 ya ushahidi ya mahakama za shirikisho za Marekani inakubali nakala kama asili, isipokuwa pale ambapo kuna shaka ya kweli juu ya uhalisi wa asili hiyo au pale ambapo kuipokea nakala kungekuwa dhuluma, na siku shaka hiyo itakapotolewa, mtatakiwa kuifikia karatasi ya TZK0000017 bila kupekua ghala zima.