Rupia 15 ya Tabora ya 1916: naipimaje bila kuikwaruza?

Mdau_Tanga

Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua sarafu za enzi za Mjerumani. Kuna mtu anauza mzigo wa pamoja na hataki kuutenganisha: sarafu moja ya dhahabu ya rupia 15 (tembo upande mmoja, tai upande wa pili, mwaka 1916), rupia nne za fedha zenye sura ya Kaiser (mfalme wa Ujerumani), na reale tatu za 1780 (sarafu za fedha zenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria). Bei kubwa ameiweka kwenye reale, kwa hoja kwamba zina umri wa zaidi ya miaka 200.

Sonara yuko tayari kuipima ya dhahabu kwa jiwe na tindikali. Je, nimruhusu? Na katika mzigo huu, ni zipi zenye thamani ya uadimu na zipi ni za kuuzwa kwa gramu tu? Kati ya rupia nne, mbili zinang'aa kama mpya na mbili zimeingia weusi. Lengo langu ni kuziweka kwa miaka 10 au zaidi.

Mizani

Jiwe na tindikali usiruhusu kabisa. Jiwe linakwangua ukingo, na mkwaruzo huo haufutiki. Kwa pete ya kuyeyushwa hilo si tatizo, lakini kwa sarafu hii mnunuzi yeyote makini ataukuta kwa lenzi na kukata bei.

Vipimo vyake ni hivi: uzito gramu 7.168, dhahabu 750 kwa 1000, maana yake dhahabu halisi ni kama gramu 5.37 tu. Ziligongwa Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakati Waingereza wamefunga bahari na sarafu hazifiki kutoka Ujerumani. Jumla ni 16,198, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Ndiyo maana soko huilipa mara kadhaa ya bei ya dhahabu iliyomo, na ndiyo maana pia nakala bandia ni nyingi.

Pima kwa maji. Unahitaji mzani wa kidijitali unaosoma hadi gramu 0.01, glasi ndogo ya maji na uzi mwembamba sana.

Kwanza pima sarafu ikiwa kavu, uandike. Kisha weka glasi yenye maji juu ya mzani na urudishe mzani kwenye sifuri. Tia tone moja la sabuni ya vyombo ili viputo vya hewa visishike kwenye sarafu. Funga sarafu kwa uzi, iteremshe hadi izame yote bila kugusa chini wala pembeni, ukiwa umeishikilia kwa mkono. Namba itakayoonekana ndiyo ujazo wake. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Dhahabu ya 750 iliyochanganywa na shaba au fedha hutoa kati ya 15 na 16, kwa hiyo mzani utasoma kati ya 0.45 na 0.48. Shaba nyeupe iliyopakwa dhahabu ikiwa na uzito uleule itasoma karibu 0.84. Hapo huhitaji hata hesabu. Rudia mara tatu. Namba zikicheza sana, ama uzi ni mnene, ama kuna kiputo, ama sarafu imegusa glasi.

Lakini kipimo cha maji kinakuambia madini tu. Mghushi anaweza kutumia dhahabu halisi ya 750 na bado akapata faida, kwa sababu thamani iko kwenye uadimu. Kwa hiyo shika lenzi ya kukuza mara 10. Upande wa tembo utafute mwaka 1916 na herufi T ya Tabora chini yake. Upande wa tai, angalia pambo la kulia linaishia wapi chini ya neno OSTAFRIKA: kuna aina mbili halali, moja inaishia chini ya T, nyingine chini ya A ya kwanza. Zikague herufi zenyewe. Iliyogongwa ina kingo kali na uwanja laini kati ya herufi. Iliyomiminwa kwenye kalibu ina vitundu vidogo kama vya sindano na herufi zenye mabega ya mviringo.

Bi_Rupia

Nimalizie upande wa fedha, maana hapo ndipo muuzaji amepanga bei kichwa chini.

Reale ya Maria Theresa ina gramu 28.07, fedha 833, yaani fedha halisi gramu 23.4 hivi. Mwaka 1780 ni wa kifo cha malkia huyo. Tangu hapo zimeendelea kugongwa kwa tarehe ileile na viwanda vya nchi mbalimbali, na Vienna wanazigonga hadi leo. Tarehe haikuambii umri hata kidogo. Zipo za zamani kweli zinazotafutwa, ila kuzitambua ni kazi ya kulinganisha lulu za broshi (pambo la begani mwa malkia), manyoya ya mkia wa tai na maandishi ya ukingo, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Usipoonyeshwa tofauti hizo waziwazi, mlipe kwa gramu za fedha pamoja na nyongeza ndogo.

Rupia moja ina gramu 11.66 za fedha ya 917. Kwenye maji itasoma karibu 1.13. Za mwaka 1890 hadi 1902 ni za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zina simba na mnazi. Za 1904 hadi 1914 ni za serikali, thamani imeandikwa ndani ya shada la majani. Zote mbili hazikosekani sokoni zikiwa zimechakaa. Tofauti ya bei huja na hali: tai aliye juu ya kofia ya Kaiser ndiye huanza kusuguka, pamoja na masharubu. Manyoya ya tai yakionekana yote, hiyo ni daraja lingine kabisa. Mkiwahi kukutana na rupia 2 ya 1893, na hasa ya 1894, hiyo ndiyo sarafu ya fedha ya kuhangaikia katika mfululizo huu.

Sasa zile mbili zinazong'aa. Ziinamishe polepole chini ya taa moja. Mng'ao wa asili huzunguka uwanja kama miale inayotembea. Iliyosuguliwa kwa dawa ya meno, majivu au limau inang'aa sawa kila mahali, na kwenye lenzi utaona mistari myembamba ya mwelekeo mmoja. Nadhani nyeusi ndizo bora. Usiziguse! Weusi huo ni ngozi ya sarafu. Ukiuondoa unaondoa na fedha ya juu.

Mdau_Tanga

Ahsanteni sana. Majibu: ya dhahabu kavu ni gramu 7.21, kwenye maji 0.47. Pambo linaishia chini ya A. Herufi ni kali, hakuna vitundu. Ila juu kabisa ya ukingo, upande wa kichwa cha tembo, kuna kidoa cha rangi tofauti na uwanja wake umefifia kidogo. Rupia zinazong'aa zina mistari kweli.

Mizani

7.21 kugawa kwa 0.47 ni 15.3, madini yanakubali. Uzito umezidi kwa gramu 0.04, na kidoa kinaeleza kwa nini: hiyo ni lehemu. Iliwahi kutiwa kikonyo (kitanzi cha kupitishia mkufu) ikavaliwa kama kidani, jambo la kawaida sana pwani yetu. Usimpe sonara aisawazishe. Akipiga msasa atakula ukingo na uzito utashuka chini ya 7.168, ndipo itakapoharibika kweli.

Kampuni za kupanga madaraja ya ubora wa sarafu kama NGC na PCGS zitathibitisha kuwa ni halisi, lakini badala ya daraja la namba kati ya 1 na 70 zitaandika kwamba ina kasoro ya kufungwa kwenye pambo. Hiyo inashusha bei sana. Mfikie muuzaji kwa hoja hiyo: dhahabu kwa gramu 5.37, kisha nyongeza ya uadimu iliyopunguzwa. Mbili zilizosuguliwa zihesabu kama fedha tu. Mzigo mzima ukizidi hapo, achana nao, maana katika miaka 10 kasoro haiponi na mnada utakukata kamisheni yake vilevile.

Stoo_Kavu

Kwa hewa ya Tanga, utunzaji usiupuuze. Vifuko laini vya plastiki ya PVC vinatoa ute wa kijani baada ya miaka michache na unakula madini. Tumia kapsuli ngumu zenye kipenyo sahihi, ndani ya kisanduku kinachobana pamoja na silika jeli, ambayo uikaushe au kuibadilisha kila inapolowa. Mpira wa kufungia noti, sufu na boksi la kadibodi vina salfa. Vinatia weusi fedha. Ute ukishaanza, loweka sarafu kwenye asetoni safi (si ile ya kuondolea rangi ya kucha), mbali na moto, bila kusugua, kisha acha ikauke yenyewe. Shika ukingo tu.

Na kabla ya kupeleka sarafu yoyote nje: Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inagusa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo sarafu za Kilwa hazitoki bila kibali. Kenya mpaka wao ni kabla ya 1895. Ya Tabora haiangukii kwenye tarehe hizo, lakini itangaze forodhani kwa thamani yake halisi na uweke hati ya mauziano yenye picha za pande zote mbili na uzito. Bila hati hiyo minada mizuri ya Ulaya inaweza kuikataa.