Mrejesho: yule wa "nataka kuandika lakini kichwa ni tupu"

Niaje wasee. Mwezi uliopita niliwauliza nianzie wapi kuandika hadithi, maana kila nikifungua laptopu akili inakauka. Nimerudi.

Ile advice ya kuamka saa kumi asubuhi niandike ilinishinda siku ya pili, tusidanganyane. Lakini yule aliniambia niache kungoja wazo kubwa niandike tu chenye nimesikia kwa matatu, Mungu akubariki. Mimi ni mtu wa Rongai, hapo nje ya Nairobi, matatu za namba 125 ndio maisha yangu, na ile jam ya Lang'ata Road inatosha kuandika kitabu, so nikaanza kuchapa kwa simu vile watu wanaongea, sasa jioni moja mama fulani akabishana na makanga juu ya chenji ya shilingi 20 kutoka Nyayo mpaka Bomas, bila kupumua, na hapo ndio nikapata mhusika wangu, kumbe amekuwa akiketi nyuma yangu miaka hii yote.

Mwingine alinikumbusha mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya kwa karatasi ya choo akiwa ndani ya jela ya Kamiti 1978. Hapo nikaacha kulia ati laptopu iko slo.

Sasa niko na kurasa 11. Ya tatu ni mbaya hata mimi naionea aibu, lakini sijaifuta. Nilimpea sistangu asome, nikangoja sifa, yeye akauliza tu, "Na huyo mama alirudishiwa chenji yake?"

Hata sijui. Leo jioni ndio nitajua.