Naomba ushauri: kupima hoja ya utegemezi kwa bei za korosho

Wakuu, salaam. Hoja ya wachumi Prebisch na Singer ya 1950, ambayo hoja ya utegemezi huiegemea, inadai kwamba bei za mazao ghafi hushuka kwa muda mrefu zikilinganishwa na bidhaa za viwandani. Nataka kuipima kwa korosho ya kusini mwa Tanzania, kwa sababu sehemu kubwa bado inapakiwa na maganda yake kwenda India na Vietnam. Inauma, maana viwanda vya kubangua vilijengwa tangu miaka ya 1970, na vingi vikaishia kuwa maghala.

Kwenye takwimu za forodha, namba ya bidhaa 080131 ni korosho yenye ganda, 080132 iliyobanguliwa. Nagawanya thamani kwa uzito nipate bei ya kilo. Wengi hukosea hapa kwa kulinganisha kilo kwa kilo, ilhali kilo moja ya kiini hutoka kwenye kilo nne hadi tano za ghafi. Tena bei ya kutokea Mtwara haina nauli ya meli, ila ile inayoandikwa India ina nauli na bima. Usipozitoa, nauli itahesabiwa kama unyonyaji.

Naombeni msaada kwenye mambo mawili. Upande wa manunuzi, yaani bidhaa ya kiwandani ya kulinganisha na bei ya korosho, niweke nini? Dizeli hupanda na kushuka mno, inaweza kugeuza jibu lote. Naegemea salfa ya kupulizia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), kwani wakulima wengi huitegemea. Na msimu wa 2018/19, serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei isiyopangwa na soko, niuondoe au niuache?